Soni na Nthoni: Kuhusu Usalama wa Kiutamaduni katika Huduma za Afya Machakos

Makala hii inakusudia kueleza dhana moja iliyozuka katika taaluma ya uuguzi, ambayo, kwa maoni ya mwandishi, inawahusu wanaisimu wa Kiswahili zaidi kuliko wanavyodhani. Dhana hiyo ni usalama wa kiutamaduni. Chimbuko lake ni New Zealand. Mwaka 1988, katika mkutano mjini Christchurch, mwanafunzi wa uuguzi wa Kimaori aliuliza kwa nini wauguzi hufundishwa usalama wa kisheria na wa kimaadili, ilhali hapana azungumziaye usalama wa kiutamaduni. Irihapeti Ramsden, muuguzi na mwalimu wa Kimaori aliyefariki mwaka 2003, alilichukua swali hilo akalijenga likawa nadharia. Na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likatoa miongozo ya kuifundisha. Kiini chake ni kwamba anayeamua iwapo huduma ni salama si mhudumu, bali ni mhudumiwa. Mhudumu hatakiwi kukariri orodha ya mila za watu. Anatakiwa ajichunguze yeye mwenyewe, mamlaka aliyo nayo, na jinsi mamlaka hayo yanavyomwelemea aliye mbele yake.

Istilahi yenyewe yataka kujadiliwa. Neno usalama, katika masikio ya Mkenya wa leo, aghalabu huleta sura ya askari. Wapo wenzetu ambao wangependelea stara, na hoja yao ina uzito: kumsitiri mtu ni kumkinga asiaibike, na hata jina la Kimaori la dhana hii, kawa whakaruruhau, lina maana ya kukinga ndani yake. Hata hivyo stara hutolewa na msitiri. Yeye ndiye mwenye nguo, na yeye ndiye aamuaye pa kuifunika. Salama ni neno la namna nyingine. Mtu huulizwa, "U salama?" naye hujibu. Hapana awezaye kumjibia. Kwa sababu hiyo mwandishi anaona istilahi ya usalama ibaki, hata kama ina harufu ya kituo cha polisi.

Sasa tuitazame Machakos. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, pale iwezekanapo, kwa lugha anayoielewa. Sisi walimu wa Kiswahili huyasoma haya kwa fahari, tukidhani kwamba kila Kiingereza kinapoondolewa dirishani pa hospitali, mgonjwa amekombolewa. Lakini kwa bibi kizee aliyeteremka kutoka vilima vya Iveti, Kiswahili ni lugha ya soko na ya ofisi. Huomba bei kwa Kiswahili. Huumwa kwa Kikamba.

Mwandishi alijifunza jambo hili kwa kosa lake mwenyewe. Miaka michache iliyopita aliombwa na kituo kimoja cha afya atafsiri hojaji ya wagonjwa kutoka Kiingereza. Siku ya kuijaribu alifika mama mmoja wa makamo, Mkamba, akiwa na mkwewe, yaani mume wa bintiye, kwa kuwa binti mwenyewe alikuwa amejifungua siku chache kabla. Walikuja kwa matatu moja, mama kiti cha mbele, kijana kiti cha nyuma kabisa. Muuguzi hakujua Kikamba. Kijana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha. Nikamwambia, "Mwalimu, tusaidie kumtafsiria mama." Akatazama sakafu. "Labda atafutwe mtu mwingine," akasema. Mimi nikadhani ni haya za ujana, nikamsihi: "Ni maswali machache tu, ndugu yangu." Akauliza akiwa ameelekea ukutani, mama akajibu akiwa amejifunika uso kwa leso. Swali la tatu nililiandika hivi: "Je, una malalamiko gani?" Jibu: hana. Baada ya majuma sita alirejeshwa hajiwezi, akiwa na binti yake safari hii, ndipo ikajulikana kwamba alikuwa akitokwa na damu kwa miezi mingi.

Makosa hapa yalikuwa mawili, na yote mawili ni ya lugha. La kwanza ni dogo lakini la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Kulalamika kwa Kiswahili ni kunung'unikia jambo au mtu. Mgeni mwenye adabu halalamiki katika nyumba iliyompokea. Hakuna muuguzi wa zamani aliyehitaji kufunzwa kuuliza, "Wasikia nini mwilini?" La pili ni kubwa zaidi. Kiswahili kina soni, Kikamba kina nthoni, na kwa mzizi haya ni maneno ndugu. Soni ya Kiswahili ni hisia: humpata mtu, kisha humtoka. Nthoni ya Wakamba, pamoja na maana hiyo ya haya, ni sheria ya ukwe. Hobley katika kitabu chake cha 1910, na Lindblom katika utafiti uliochapwa 1920, wote wawili waliieleza: mtu na mama mkwe wakikutana njiani huepukana. Mengi yamelegea tangu hapo, na wapo vijana wa mjini wanaoketi meza moja na wakwe zao. Lakini kutaja habari za kizazi cha mama mkwe mbele ya mkwewe si jambo la kulegea. Mimi nililisoma neno la Kikamba kwa maana ya ndugu yake wa Kiswahili, na ufasaha wa kijana ndio ulionidanganya.

Kuhusu watu wenye ulemavu nitasema machache, maana wengine wameandika. Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyowadhalilisha. Mjadala wetu juu ya kipofu, kiziwi na kiwete, yaani iwapo kiambishi ki- kinamshusha mtu hadhi, umeendeshwa muda mrefu kwa hoja za ngeli. Kwa mujibu wa Ramsden hoja za ngeli si hakimu. Waulizwe wanaoitwa.

Lipo pia suala la fomu. Kwa mila ya Wakamba, mwanamke asiyejaliwa mtoto aweza kuoa mwanamke mwingine, aitwaye iweto, ili azaliwe watoto wa nyumba yake. Si mambo ya kando ya sheria: mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilitambua ndoa ya namna hii iliyofungwa kwa mila ya Wanandi. Lakini fomu ya kliniki huuliza "Jina la mume", na karani huinua kichwa akisubiri. Iweto ana njia mbili: ataje jina la uongo, au achekwe. Tulipoirekebisha hojaji tulifuta mstari huo tukaandika, "Umetoka katika nyumba ya nani?"

Swali la kwanza kabisa sasa ni hili: "Ungependa nani awepo tunapozungumza, na nani asiwepo?" Kwa Kiswahili lilitulia upesi. Mwenzetu Mkamba anayetusaidia amekwisha kulitafsiri mara nne, na kila mara wanawake anaowasomea humwambia kwamba sehemu ya pili haiulizwi hivyo mbele ya mtu aliyekuleta. Kwanza atolewe nje kwa kisingizio, atumwe maji, kisha ndipo uulize.