Panadol Hailipi Deni

Nilikuwa muuguzi hapa Tanga mpaka nikastaafu, sehemu kubwa nikihudumia wagonjwa wa nje. Mtu mzima haji hospitali kusema ana mawazo. Kichwa kinauma, tumbo linavuruga, moyo unakwenda mbio. Ukipima malaria, hamna. Anaondoka na Panadol, baada ya muda unamwona tena kwenye foleni.

Sasa wananifuata nyumbani. Kuna jirani, mama ntilie, halali tangu achukue mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu. "Shikamoo mama nesi. Kichwa kimejaa." Sikumwambia apige moyo konde. Hilo keshaambiwa mtaa mzima, na mimi silipendi: ni kumwambia anayezama asilowe. Nilichukua daftari la kikoba tukaandika: marejesho ya kila siku, kodi ya kibanda, mchango wa chakula cha mtoto shuleni, mume asiyepokea simu.

Nikamwambia achague moja. Akataka mume. "Kwa hilo, kesho asubuhi utafanya nini?" Akanyamaza, kisha akaweka kidole kwenye mchango wa shule. Kesho yake, kabla ya kuwasha mkaa, alikwenda kwa mwalimu kuomba alipe kidogo kidogo kila wiki. Akakubaliwa. Wa kausha damu bado wanamgongea mlango, lakini usiku ule alilala, na wiki iliyofuata tukarudi kwenye daftari.

Mtindo huu una wenyewe. Daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyejiua; binti huyo alikosa nauli ya kurudi kliniki. Mwaka 2006 akaanza kazi na bibi 14 wa Mbare, Harare: benchi la mbao nje ya zahanati, bibi mmoja, mgonjwa mmoja. Kwanza huulizwa maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita. Umeshindwa kulala? Umekasirishwa na mambo madogo? Kisha tatizo moja huchaguliwa na kutafutiwa hatua. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, uliwapima baada ya miezi sita: waliokaa na bibi, takriban 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona, wa huduma ya kawaida, 50. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Wala sishangai: bibi anaishi mtaa huohuo, na bei ya unga anaijua.

Mengine ni ya nyumbani. Simu yako, anayoipigia mkopeshaji, ilale jikoni, si chini ya mto. Barazani nenda, usijifungie ndani, ila kahawa chungu iishie alasiri.

Huzuni au kukosa hamu ya chochote kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, daftari halitoshi, nenda hospitali. Na mwenzako akianza kusema amechoka kuishi, au kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi hushusha pumzi, maana hakuna aliyethubutu kuwauliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa vidonge na sumu ya panya, mwite ndugu anayemwamini, mpelekeni hospitali usiku huohuo.