Jiwe Jeusi la Nevada na Tangi la Maji la Nyumbani

Kusini mwa jimbo la Nevada, Marekani, pembezoni mwa mji wa Henderson, kuna mashimo makubwa yaliyochimbwa kwenye ardhi kavu isiyo na mti. Hapo ndipo ulipokuwa mgodi wa Three Kids, uliotoa manganisi kwa vipindi tangu 1917 hadi 1961. Mvua ya mwaka mzima huko ni milimita 100 hivi. Tanga hupata zaidi ya hiyo mwezi wa Mei peke yake.

Mbale ya Three Kids, yaani mawe yenye madini, si jiwe la kung'aa. Ni laini, nyingine hupondeka kwa vidole, na ukiishika inakuachia weusi usiotoka upesi. Waliosoma shule za msingi miaka ya nyuma wanaujua weusi huo. Betri za tochi zilizokwisha zilipasuliwa, unga wake ukatwangwa, ukatumika kupaka ubao wa darasani. Unga ule ni oksidi ya manganisi iliyochanganywa na kaboni.

Sasa, manganisi ni madini yanayosafirishwa na maji. Ilifikaje jangwani, tena nyingi kiasi cha kuchimbwa?

Jibu linaanzia kwenye tabia yake moja. Ndani ya maji yasiyo na oksijeni manganisi huyeyuka kabisa, na macho hayaoni kitu. Maji hayo yakitokeza mahali penye hewa, inashikana na oksijeni, inageuka punje nyeusi zisizoyeyuka, inatuama. Chuma nacho hufanya hivyo, ila chuma huwahi kuganda; manganisi hukawia, kwa hiyo husafiri mbali zaidi. Ndiyo maana mara nyingi viwili hivi, vilivyoanza safari pamoja, huja kukutwa vimelala mahali tofauti.

Enzi ya Mayosini, mamilioni ya miaka iliyopita, ardhi ya magharibi mwa Marekani ilikuwa ikivutwa na kupasuka, na mabonde yakididimia. Maji yaliyoingia kwenye mabonde hayo hayakuwa na njia ya kwenda baharini. Yalituama, yakakauka, yakaacha jasi. Yakaja mengine, yakakauka tena. Volkeno za jirani zikawa zinamwaga majivu. Tabaka za mbale ya Three Kids zimo humo humo, katikati ya mashapo yenye majivu na jasi. Kwa hiyo weusi ule umeandikwa na maji, mahali ambapo leo hata umande ni wa kutafuta.

Kuhusu chanzo cha manganisi yenyewe wanajiolojia wamebishana. Wako wanaosema ilioshwa kutoka kwenye miamba ya juu ikaletwa na maji ya kawaida, na wako wanaosema ilipanda kutoka chini kupitia nyufa, kwa chemchemi za moto zilizomwagika ndani ya bonde. Mimi hoja ya chemchemi naiona nzito zaidi, kwa kuwa mbale ile imebeba pia risasi na arseniki, vitu ambavyo maji ya moto yana mazoea ya kuvichota kwenye miamba ya chini.

Historia ya mgodi ni ya vita mwanzo hadi mwisho. Chuma cha pua hakitengenezwi bila manganisi. Chuma kilichoyeyushwa hubaki na salfa ndani yake, na salfa hiyo ikishikana na chuma huleta udhaifu: chuma kikipigwa kikiwa cha moto, kinapasuka. Manganisi huikamata salfa kabla haijaleta madhara, na huondoa oksijeni ya ziada. Kwa tani moja ya chuma cha pua zilihitajika kilo 6 hivi tu, lakini zikikosekana hakuna reli, nondo wala meli.

Kabla ya 1914 manganisi nyingi ya dunia ilitoka Chiatura, huko Georgia, iliyokuwa chini ya dola ya Urusi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga mlango wa Dardanelles, shehena ya Bahari Nyeusi ilikwama, na Wamarekani wakaanza kupekua majangwa yao wenyewe. Three Kids iligunduliwa 1917. Amani iliporudi, mbale ya nje ikawa rahisi na mashimo yakanyamaza. Vita ya Pili ikaja, wanajiolojia wa serikali wakalipima eneo na kuchapisha ripoti 1942. Mmoja wao, Vincent McKelvey, baadaye aliiongoza idara nzima ya jiolojia ya Marekani. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1940 Wasovieti wakabana mauzo yao kwa Marekani, na serikali ikawa inanunua manganisi ya ndani kwa ajili ya akiba. Mbale ya hapa ilikuwa hafifu, ilihitaji kuchenjuliwa kwa gharama, na bila mnunuzi huyo isingeuzika. 1961 kazi ikakoma.

Kilichobaki ni mashimo na tope la uchenjuaji lenye arseniki, risasi na mabaki ya mafuta. Mji umepanuka hadi jirani, na 2014 ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu ili eneo lisafishwe na kujengwa. Faida ilichukuliwa haraka, lakini usafi umesubiri zaidi ya miaka 50, na hilo linaniuma kwa sababu kemia ya tope lile haikuwa siri.

Rudi kwenye punje nyeusi. Ikiachiwa hewa peke yake, manganisi huganda polepole mno. Ilijulikana zamani kwamba bakteria huiharakisha. Ambacho hakikuwa na ushahidi, kwa zaidi ya miaka 100, ni kama wako bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo, wakipata humo nguvu za mwili wao. Kisha Jared Leadbetter, mwanamikrobiolojia wa chuo cha Caltech huko California, akaacha chupa ya glasi kwenye sinki. Ilikuwa na ukoko wa kaboneti ya manganisi, wa rangi ya chokaa, uliobaki kwenye jaribio jingine. Aliijaza maji ya bomba iloweke, akaenda kufanya kazi kwingine kwa miezi kadhaa. Aliporudi, ukoko ulikuwa mweusi.

Yeye na mwenzake Hang Yu walirudia jambo hilo kwa makusudi. Chupa zilizochemshwa hadi vijidudu vikafa hazikubadilika rangi. Wakaonyesha pia kuwa bakteria hao hujenga miili yao kwa hewa ukaa, kwa nguvu ya manganisi, pasipo jua. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature, Julai 2020, na mmoja wa bakteria hao akaitwa Candidatus Manganitrophus noduliformans, kwa vinundu vidogo anavyoviacha. Hilo halisemi kwamba Three Kids ni kazi ya bakteria. Linasema kwamba viumbe hao walikuwa ndani ya maji ya bomba muda wote.

Na hapo jambo linaingia nyumbani. Maji ya kisima kirefu yenye manganisi hutoka yametakata. Baada ya siku kadhaa ukuta wa tangi unapata utando mweusi, na shuka nyeupe iliyotiwa jiki inatoka na madoa. Ni ile ile safari ya Nevada, imefupishwa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha muda cha miligramu 0.08 za manganisi kwa lita, likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani na manganisi inabaki pale pale. Kinachosaidia ni kuyapitisha maji hewani, kisha kwenye chujio la mchanga. Mchanga mpya huchukua wiki kadhaa kabla haujafanya kazi vizuri, kwa sababu chembe zake lazima kwanza zivae ganda jeusi, ambalo huinasa manganisi na kuwapa bakteria makazi. Fundi anayeusugua mchanga huo mpaka uwe mweupe, akidhani anausafisha, anairudisha kazi yote mwanzo.