Dharura Hubaki Mvua Ikiisha: Kaunti za California na Siku 60

Katika jimbo la California, tangazo la dharura la kaunti halina tarehe ya mwisho. Lina tarehe ya kukaguliwa. Sheria ya Huduma za Dharura ya jimbo hilo, ya mwaka 1970, inairuhusu bodi ya wasimamizi wa kaunti kutangaza dharura. Afisa aliyepewa uwezo huo kwa sheria ndogo anaweza pia kuitangaza, lakini tangazo lake hufa baada ya siku 7 bodi isipoliridhia. Kuanzia hapo bodi hulirudisha mezani angalau kila siku 60 na kuamua kama sababu zake bado zipo.

Majira ya baridi ya 2022 na 2023 yaliuweka utaratibu huo kwenye majaribio. Baridi ya California ndiyo masika yake. Mvua nyingi ya mwaka hunyesha kati ya Novemba na Machi, milimani ikiwa theluji, na sehemu kubwa huletwa na mito ya angani, yaani mikanda mirefu, myembamba, ya mvuke utokao Bahari ya Pasifiki. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari mikanda 9 ilifuatana, udongo ukiwa haujamaliza kunywa maji ya kwanza. Gavana Gavin Newsom alitangaza dharura ya jimbo tarehe 4 Januari 2023. Siku iliyofuata mawimbi yalikata gati la Capitola, katika Kaunti ya Santa Cruz. Tarehe 14 Rais Joe Biden alitangaza janga kubwa.

Anga lilitakata, dharura ikabaki. Kisheria dharura haipimwi kwa mawingu, bali kwa hatari iliyobaki na kwa kazi ambayo kaunti haiwezi kuimaliza kwa nguvu zake za kawaida. Mlima uliolowa huporomoka hata baada ya jua kuwaka. Barabara iliyomegwa na kalvati lililosombwa huhitaji wapimaji, vibali na mkandarasi. Kila kazi ina gharama, na hapo ndipo kiini cha nyongeza nyingi za muda wa dharura kilipo. Rais akishatangaza janga kubwa, serikali kuu ya Marekani kwa kawaida hulipa si chini ya asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, jimbo likachangia sehemu kubwa ya salio. Pesa hizo kwa kawaida hurudishwa baada ya kaunti kutumia zake na kuonyesha hati, na ukarabati wa kudumu umepewa miezi 18. Siku 60 ni chache mno mbele ya hesabu hiyo.

Hata hivyo, kuongeza muda hakuongezi tukio. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi 2023 tuta la Mto Pajaro, lililojengwa mwaka 1949, lilibomoka na kuuzamisha mji wa Pajaro katika Kaunti ya Monterey, makazi ya vibarua wengi wa mashamba ya stroberi. Uharibifu huo haukuingizwa katika tangazo la rais la Januari. Dhoruba za Februari na Machi zilihesabiwa peke yake, na tangazo lake la janga kubwa likatoka tarehe 3 Aprili.

Sharti la kukagua lipo kwa sababu dharura huwapa viongozi mamlaka yasiyo ya kila siku, kama vile kutoa amri ya kutotoka nje usiku. Kasoro yake ni kwamba azimio la nyongeza mara nyingi hufungwa pamoja na mambo mengine ya kawaida na kupitishwa kwa kura moja bila mjadala. Ukaguzi wa namna hiyo ni muhuri tu. Ulinzi wa mnunuzi nao una saa yake: kanuni ya adhabu ya jimbo huzuia kupandisha bei za bidhaa muhimu kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku 30 baada ya tangazo, na muda huo nao huweza kuongezwa.

Sababu zikishatoweka, sheria inaitaka bodi iifunge dharura mapema iwezekanavyo, nayo huifunga kwa azimio, kama ilivyoifungua.