Kilo 57 za Waruinge na sahani yako

Msomaji, bila shaka umewahi kuwasikia mabarobaro wa mtaani wakibishana kuhusu kutunisha misuli. Mmoja atasema dawa ni mayai kumi kwa siku. Mwingine ataapa kwamba ugali ni adui na hauna budi kuachwa kabisa. Wa tatu anakoroga unga wa kopo ambao bei yake ingelisha nyumba nzima kwa wiki. Mjini Nakuru, kuanzia Langa Langa hadi Kaptembwa, mabishano haya hayaishi. Linalosahaulika ni kwamba mji huu uliwahi kumtoa mtu ambaye uzani wake ulipimwa mbele ya ulimwengu mzima, tena miaka nenda miaka rudi.

Namzungumzia bondia Philip Waruinge. Mwaka 1966 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Kingston, Jamaika, na mwaka 1970 akaitwaa tena mjini Edinburgh. Katikati ya ushindi huo alipata shaba ya Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968, akatuzwa pia kombe la Val Barker kwa ufundi wake ulingoni. Mwaka 1972 alirudi na medali ya fedha kutoka Munich. Mara zote hizo alipigana katika uzani wa unyoya, ambao mwisho wake ulikuwa kilo 57.

Hebu fikiria: kutoka 1966 hadi 1972, miaka ambayo wengi wetu huanza kulegeza mshipi, yeye alikuwa bado anapanda mizani ile ile. Bondia akizidisha hata gramu chache siku ya kupimwa, hapigani. Na alipokwenda Japani kucheza ngumi za kulipwa, baadaye alishuka hadi uzani wa bantam, ambao mwisho wake ni kilo 53.5. Kubaki ulipo ni kazi na kushuka ni kazi, nako kupanda kwa misuli badala ya kitambi ni kazi pia. Zote tatu huanzia jikoni.

Nguvu tunayoipata katika chakula hupimwa kwa kalori. Mtu mzima anayetembea na kufanya kazi za kawaida anaweza kukadiria mahitaji yake ya siku kwa kuzidisha kilo zake kwa 30. Akifanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki, azidishe kwa 35. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, una kilo 60 na unainua vyuma jioni. Utahitaji kalori kama 2,100 ili ubaki ulivyo. Hayo ni makadirio tu, kwa maana miili haifanani, lakini ni pa kuanzia.

Je, wataka kuongeza mwili? Ongeza kalori 300 hivi kwa siku, basi. Gilasi moja ya maziwa na mayai mawili ya kuchemsha hutimiza hesabu hiyo, nasi wakazi wa sehemu hizi hatuna haja ya kutafuta maziwa mbali. Ukipanda robo kilo kwa wiki, unaendelea vyema. Anayejishindilia chapati sita kila usiku atapanda upesi zaidi, ila sehemu kubwa ya alichoongeza itakaa kiunoni. Misuli hujengwa na protini, nayo imo katika maharagwe, ndengu, omena, mayai na nyama. Mtu anayeinua vyuma hutosheka na gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa huyo wa kilo 60 ni gramu 96, kiasi ambacho omena, maharagwe, mayai na maziwa vinaweza kufikisha bila kopo lolote.

Wa kupunguza naye hufanya kinyume, yaani hutoa kalori kama 500 kwa siku. Soda ya nusu lita ina takriban 200. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina 120, na wapishi wengi humimina bila kijiko! Ondoa soda, punguza vijiko viwili vya mafuta na vijiko vichache vya sukari kwenye chai, nawe umefika bila kulala njaa. Protini usiiguse, na vyuma usiviache, la sivyo mwili utaila misuli pamoja na mafuta.

Kwa nini lisifanyike haraka? Kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ina takriban 7,000. Sasa, nani anaweza kumaliza pakiti nzima ya unga peke yake kwa siku mbili? Kadhalika huwezi kuichoma akiba hiyo kwa siku mbili. Anayejigamba kwamba amepoteza kilo tatu kwa siku tatu amepoteza maji.

Na maji si mchezo. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa wiki chache walipokuwa wakijikamua jasho ili watimize uzani. Kijana akivaa makoti mawili na kukimbia juani bila kunywa maji, eti akonde, mzazi amzuie.

Kuna mfano mwingine wa Bonde la Ufa ambao mara nyingi hueleweka vibaya, nao ni wa wanariadha wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ambao miongoni mwa walioufanya ni Vincent Onywera na Mike Boit (yule aliyeshinda shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972), uliwachunguza wakimbiaji kumi wa Kenya kambini kwa wiki moja kabla ya mashindano. Walikula kalori kama 3,000 kwa siku na kutumia kama 3,600, na uzani wao ulishuka kidogo. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga. Ugali uliongoza, na sukari, hasa ya kwenye chai, ilifuata kwa karibu.

Basi ugali si adui. Lakini karani anayeketi ofisini kutwa akinywa chai yenye sukari kama ya mkimbiaji hawezi kutarajia miguu ya mkimbiaji.

Lenye utata zaidi ni sufuria moja ya nyumbani. Kijana anataka misuli, baba ameambiwa apunguze uzani kwa sababu ya shinikizo la damu, na msichana yumo katika timu ya riadha ya shule. Mama apike mara tatu? Hapana! Apike ugali, sukuma wiki na maharagwe yale yale kwa mafuta yaliyopimwa, tofauti iwe kwenye sahani. Baba apakuliwe nusu ya ugali wake wa kawaida na mboga maradufu. Kijana aongezewe maziwa na mayai. Msichana ale ashibe. Yeye ndiye wa kuangaliwa sana, kwani wasichana wanaokimbia na kujinyima chakula huweza kukosa hedhi kwa miezi, na mifupa yao hudhoofika. Watoto wanaokua na kina mama wajawazito wasikate chakula ili wakonde, na mwenye kisukari aonane na daktari kwanza.

Panda mizani mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai. Wale vijana wanaokaa na mizani kando ya barabara mjini watakufaa, mradi uende kwa yule yule kila mara na uvue viatu. Andika. Mshale usiposogea kwa wiki mbili, ongeza gilasi nyingine ya maziwa, au toa chapati moja, kulingana na unakokwenda. Ukishafika unapopataka, rudisha polepole ulichopunguza au punguza ulichoongeza, hadi mshale utulie.