Gari Lile Limesimama au Linakuja?

Barabara ya kutoka Meru hadi Embu ina wenyewe, nao ni madereva wa miraa. Pikapu hutoka pande za Maua zikiwa zimesheheni, zikapita Nkubu na Runyenjes zikikimbilia Nairobi kabla miraa haijanyauka. Anayetaka kuvuka huiona moja kwa mbali, akadhani imesimama, akatia mguu barabarani. Wengi humlaumu kwa uzembe, kumbe mara nyingi ni macho yaliyomdanganya.

Macho hutambua mwendo kwa kulinganisha. Gari linalopita mbele yako hukiacha nyuma kitu kisichosogea, kama vile mlingoti wa stima, kioski au mti, na hapo hata mtoto hakosei. Taabu ni gari linalokujia moja kwa moja. Hilo hubaki mahali pale pale machoni, na dalili ya mwendo wake ni moja tu: linazidi kuwa kubwa.

Tena halikui sawasawa. Likiwa mita 200 kutoka kwako kisha lisogee mita 20, ukubwa wake machoni huongezeka kwa sehemu moja ya tisa, jambo ambalo ni vigumu kuling'amua. Likiwa mita 40, mita 20 zizo hizo hulifanya kuwa kubwa maradufu, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzimaliza katika muda usiotimia sekunde moja. Ndipo mtu husema gari "limetokea ghafla".

Kwa mwendo huo, mita 200 huisha kwa sekunde 7. Mtu mzima mwenye afya huhitaji kama sekunde 6 kuvuka barabara ya upana wa mita 7. Nyanya mwenye mkongojo je?

Watoto wako hatarini zaidi. Mwaka 2011, watafiti wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, waligundua kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kukadiria vyema ujio wa gari linalokwenda zaidi ya kilomita 32 kwa saa. Hivyo basi mzazi, kumwambia mtoto "tazama kabla ya kuvuka" hakutoshi. Mshike mkono.

Ukiwa peke yako, tazama gari, hesabu hadi mbili, kisha litazame tena. Kama limekua, au limekipita kitu ulichokiwekea alama kando ya barabara, linakuja. Usiku angalia nafasi kati ya taa mbili za mbele. Ikipanuka, rudi nyuma. Pikipiki ina taa moja, haina nafasi ya kupima, kwa hiyo ingoje ipite.

Na ikiwa mzee wa nyumbani ameanza kushtushwa na magari, mpeleke akapimwe macho. Huenda ana mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji.