Mji Uliobebwa Mabegani

Nilipofika Tabora mara ya kwanza nilitazamia ukimya wa mji wa kale. Pale stesheni tu nilipokewa na makelele ya bodaboda, makuli na wauza asali. Kumbe ndiyo asili yake: njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa, ikagawanyika kuelekea Ujiji na Ziwa Viktoria.

Kesho yake nilikwenda Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Alingoja humo tangu Machi hadi Agosti. Sababu? Hakuwa na wapagazi. Jina lake tunalijua. Wale waliombebea mizigo tunawaita wapagazi, basi.

Siku ya kuondoka, kabla ya kumkabidhi kuli sanduku langu, nilimwuliza jina lake.