Kiko, Ilungu na Urithi wa Ukoo: Ufundi wa Chuma katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Kiko cha jadi cha Waswahili hakikuwa kitu cha kipande kimoja. Kilikuwa na bori, yaani kibakuli cha kutilia tumbaku. Digali, bomba la kuteremshia moshi. Kifuu cha nazi chenye maji, ambacho hasa ndicho kiko chenyewe. Na shilamu, mrija wa kuufikisha moshi kinywani. Hata mlio wa maji yale uliitwa malio ya kiko. Wingi huu wa majina unadhihirisha jambo moja: penye ufundi wa kweli, kila sehemu ina jina lake na kila jina lina kazi yake.

Kanuni ya bakuli la moto, mrija na mvuto wa hewa ilijulikana pia mbali na pwani, katika uwanda wa Ufipa ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Huko haikutumiwa kwa tumbaku bali kwa chuma. Tanuri la Wafipa la kuyeyushia mtapo liliitwa ilungu, kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo, aghalabu karibu na kichuguu, na kimo chake kilifikia takriban mita 3. Chini yake kulikuwa na matundu yaliyotiwa mirija ya udongo wa kufinyangwa. Katika kiko, hewa huvutwa na pumzi ya mvutaji. Katika ilungu, mvutaji ni tanuri lenyewe: hewa iliyopata joto hupanda juu, na hewa baridi huingia kwa chini kupitia mirija ile. Kwa hiyo hapakuhitajika mivukuto.

Hata hivyo, chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto, na ndipo kikawa tayari kwa mhunzi. Kazi iliyotukuka kuliko zote ilikuwa jembe, lililolimia, likauzwa, na likatolewa mahari.

Ujuzi huu ulirithiwa ndani ya ukoo. Alama yake ilikuwa intangala, kikapu cha dawa cha fundi mkuu, na asiyekuwa nacho hakuweza kujitangaza fundi. Tanuri jipya lilipambwa mithili ya bibi arusi, na wafanyakazi walitakiwa kujizuia na tendo la ndoa muda wote wa kazi. Miiko hiyo ilikuwa imani. Lakini pia ilikuwa uongozi wa kazi, kwa kuwa iliamua nani aingie kambini, nani atii, na nani siku moja akabidhiwe kikapu.

Urithi huo ulitikiswa kutoka pande mbili. Wamisionari wa White Fathers walifika Karema mwaka 1885, na mwaka 1914 mmoja wao, Wyckaert, alichapisha katika jarida la Anthropos makala ambayo kichwa chake kiliwapambanisha wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Kijana aliyebatizwa alikabiliwa na swali zito: je, inawezekana kupokea ufundi wa baba na kukikataa kikapu chake? Upande wa pili, majembe kutoka viwandani yalipatikana bila siku za kukata kuni, kuchoma makaa na kulinda moto. R. C. H. Greig alipoueleza uyeyushaji wa Wafipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, biashara yenyewe ilikuwa imekwisha kufifia.

Baadaye wazee waliombwa na watafiti kuujenga upya ufundi huo ili uandikwe. Kazi ya Bertram Mapunda ya mwaka 1995 na ya Randi Barndon ya mwaka 2004 zimehifadhi mengi. Lakini onyesho si urithi. Mzee aliyefinyanga mirija mbele ya mtafiti hakuwa akimkabidhi mwanawe riziki.

Kiswahili kinayo maneno tanuri, mvukuto na mavi ya chuma. Neno tanuri, hata hivyo, hufunika ilungu na kintengwe pamoja, kana kwamba mtu angeita bori, digali na shilamu kwa jina moja. Magofu ya malungu yangali yamesimama Ufipa. Majina ya sehemu zake yamo vinywani mwa wachache, nayo hayana budi kukusanywa kutoka kwao wangali hai.